Sentensi Usiyokubali Ifutwe

Swali la wiki: Simu yako imewahi kukufanyia kazi gani ambayo hukuinunulia?

Simu yangu niliinunua kwa ajili ya kutuma na kupokea pesa, pamoja na kugombana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya kutwa, Morogoro. Mwaka jana simu hiyo ilitoa filamu ya dakika tatu na nusu, iliyoandikwa na wanafunzi 42 wa Kidato cha Pili.

Niliwapa dakika 20 waandike insha kuhusu mvua iliyowakuta njiani. Zikaja zilezile: methali mwanzoni, methali mwishoni, na "niliamka alfajiri na mapema" katikati. Ila humo humo mmoja alikuwa ameandika: "Mvua ilinipiga kama inanidai." Nikawaambia kila mtu apige mstari chini ya sentensi moja asiyokubali ifutwe. Sentensi 42, kila moja sekunde tano hivi. Hiyo ndiyo hadithi yetu.

Kosa langu lilikuwa kuanza na picha. Tulitoka uwanjani na makopo yaliyotobolewa tukaigiza mvua. Tulivuna matope na vicheko, na maneno yote yalichukuliwa na upepo. Kesho yake tukaanza na sauti. Tulijifungia stoo ya vitabu, kwa sababu mabunda ya vitabu yanameza mwangwi. Simu ikazimwa mtandao isije ikaita, ikashikwa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipulize. Wingu likitanda tunasimama, maana bati likianza kupigwa hakuna anayesikika. Filamu ya mvua, na mvua ndiyo inayotufukuza!

Sauti ikishapatikana, picha si kazi. Walichora ubaoni kwa chaki, nikapiga asubuhi mwanga ukiingia dirishani, simu nimeilaza. Nikaongeza mikono, viatu na madaftari. Sura sikuweka hata moja. Hao ni watoto wa watu, na video ikishaingia WhatsApp huwezi tena kuirudisha nyumbani. Programu ya bure ya kuhariri ilinitosha: unatandika sauti, unazipanga picha juu yake. Jioni mbili tu. Muziki niliujaribu nikautoa, ulikuwa unawafundisha watazamaji pa kulia.

Ila kilichonifanya niwaandikie ni cha kule stoo. Binti mmoja alirekodi mara tatu, akasikiliza, akakunja uso. "Mwalimu, hili 'ghafla' linanikwaza. Nilitoe?" Miaka yote nalizungushia wino mwekundu neno hilo, wanalirudisha kila wiki. Sikio lake lilimaliza kazi kwa dakika mbili. Baada yake wakaanza kuomba daftari warekebishe kabla ya kusoma, hata wale wasiosahihisha nukta.

Mwalimu mwenzangu alishauri ile mvua inayodai iandikwe "mvua kubwa ilinyesha", eti ndiyo Kiswahili sanifu. Nilikataa, na tukanuniana hadi saa ya chai.

Projekta hatuna. Tuliitazama kwenye kompyuta mpakato yake huyohuyo, wa nyuma wamesimama juu ya madawati, sauti ikiishia katikati ya darasa. Muhula huu nimeshaomba spika ya kwaya.