Sheria ya watoto wanaozaliwa hai Marekani ipo tangu 2002

Wapo wanaodai kwamba Marekani haina sheria ya kumlinda mtoto anayetoka hai baada ya jaribio la kutoa mimba. Si kweli. Ipo tangu Agosti 2002, aliisaini George W. Bush. Ni fupi mno: inasema tu kwamba maneno "mtu" na "mtoto" katika sheria za shirikisho yanamhusu kila kichanga aliyezaliwa hai, awe na umri wowote wa mimba. Akipumua, moyo ukidunda au kamba ya kitovu ikipiga, basi ni mtu. Ilipita Seneti bila hata mmoja kupinga.

Kinachogombaniwa sasa ni muswada mwingine, unaotaka daktari asiyempa mtoto huyo huduma afungwe hadi miaka 5. Huo ndio umegeuka mpira wa siasa. Mwaka 2019 ulipata kura 53 kwa 44 Seneti, ukakwama kwa sababu zilihitajika 60 ili kufunga mjadala. Januari 2025 ukakwama tena, 52 kwa 47, na mgawanyiko ulifuata vyama.

Nimesoma maandishi ya sheria na ya muswada, na tofauti kubwa ni hilo sharti la huduma na adhabu yake. Wanaoupinga wanasema kumuua kichanga ni kosa la jinai tayari, na wanahofia wazazi wa mtoto asiyeweza kupona watanyimwa nafasi ya kumpakata tu. Montana, jimbo la kihafidhina kabisa, wapiga kura walikataa pendekezo kama hilo Novemba 2022.

Ila majimbo yana sheria zake, hazifanani.