Kabla Hujabadilisha Dawa ya Presha, Pima Sawasawa

Mwaka jana, kiasi cha wiki mbili baada ya Idi, nilikuwa nikipanga chumba cha mamangu kule Kibokoni, Mombasa, nikakuta vidonge vyake vya presha ndani ya kopo la tende. Vya mwezi mzima, havijaguswa. Nilipomwuliza hakuficha. Aliinua leso kidogo akanionyesha vifundo vya miguu. "Mwanangu, nilipokuwa nikimeza hizo dawa miguu ilivimba hata viatu haviingii. Nimeziacha, tazama sasa ilivyorudi. Dawa zinaua figo, nawe wajua yaliyompata jirani yetu."

Siku tatu baadaye alitoka Marikiti na kikapu chake, jua la saa saba, akapita duka la dawa akapimwa. 191 kwa 104. Kakangu aliposikia alipiga simu papo hapo: aongezewe dawa leo leo, vidonge viwili badala ya kimoja. Basi nyumba moja ikawa na hukumu mbili. Mama ataka aache kabisa, kaka ataka aongezewe maradufu, na kila mmoja ana ushahidi wake mkononi: huyu miguu, yule namba.

Mimi si daktari. Nafundisha baiolojia shule ya sekondari, na kwa sababu hiyo tu nilijua pa kuanzia kusoma. Niliyoyakuta katika tafiti yalinifanya niwaombe wote wawili wangoje siku saba. Nayaandika hapa kwa sababu najua nyumba nyingi za Mombasa zina kopo kama lile la tende.

Kwanza ile namba. Nilimwuliza mama alipimwaje. Alipimwa amesimama kaunta, mkono umening'inia, mkanda umefungwa juu ya mkono wa nguo, huku akimweleza kijana wa dukani bei ya nyanya ilivyopanda. Mambo kama hayo yanaweza kupandisha namba. Mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins huko Marekani walichapisha jaribio walilowapima watu wazima 133, kila mtu kwa mikao mitatu ya mkono. Mkono uliowekwa juu ya meza, usawa wa moyo, ndio kipimo sahihi. Mkono ukiwa mapajani, namba ya juu (ile inayotajwa kwanza, kama 191 ya mama) ilizidi kwa karibu 4. Mkono ukining'inia ubavuni, ilizidi kwa 6.5. Sababu ni uzito wa damu yenyewe: mkono ukiwa chini ya moyo, mshipa unabeba pia uzito wa damu iliyo juu yake, kama bomba la maji la ghorofa ya chini linavyotoka kwa nguvu kuliko la juu.

Mkanda ni tatizo kubwa zaidi, na sisi hatuuangalii kabisa. Mama ni mtu mnene, Mungu amhifadhi, na ule wa dukani ulikuwa mkanda wa kawaida. Watafiti hao hao walionyesha mwaka 2023 kwamba mtu anayehitaji mkanda mkubwa akifungwa wa kawaida, namba ya juu huzidi kwa karibu 5. Anayehitaji mkubwa kabisa, huzidi kwa karibu 20. Ishirini! Hiyo ndiyo tofauti kati ya "rudi mwezi ujao" na "kimbia hospitali". Wala si jambo jipya. Daktari Riva-Rocci alitengeneza mkanda wa kupimia presha kule Italia mwaka 1896, na kufikia 1901 mtafiti wa Kijerumani, von Recklinghausen, alikwisha kueleza kwamba ulikuwa mwembamba mno na unazidisha namba. Zaidi ya miaka mia moja imepita na bado tunafungwa mkanda wowote ulioko mezani. Chukua utepe wa fundi cherehani, zungusha katikati ya mkono wa juu, kisha soma kwenye mkanda wenyewe: sentimita zimeandikwa hapo. Ukinunua mashine, nunua ya mkononi, si ya kifundo cha mkono, na uulize saizi ya mkanda kabla ya kuuliza bei.

Nyumbani tulifanya hivi. Mama anakwenda msalani kwanza, maana kibofu kilichojaa kinapandisha presha. Hajanywa kahawa nusu saa iliyopita. Anakaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, miguu haikupishana, mkono mtupu juu ya meza. Dakika tano za kimya. Hiyo kimya ndiyo iliyonishinda mwanzoni, kwa kuwa mama hawezi kukaa dakika tano bila kuuliza habari za mtu, nikamwambia alete uradi wake moyoni. Kisha mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi na jioni, siku saba, zote zinaandikwa kwenye daftari. Siku ya kwanza tuliifuta, kama miongozo ya kupima nyumbani inavyosema, kwa sababu siku ya kwanza mtu huwa na wasiwasi na mashine. Zilizobaki tukatafuta wastani. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 na kuendelea ndio huhesabiwa kuwa presha ya juu.

Wa mama ulikuja 154 kwa 92. Si 191. Lakini pia si mtu aliyepona. Kaka alinyamaza, mama akanyamaza.

Naomba jambo moja lisichanganywe na haya. Mtu akipinda mdomo, akilegea upande mmoja, akishindwa kutamka, akibanwa kifua au akikosa pumzi, usitafute kiti chenye egemeo. Ita gari umpeleke hospitali saa hiyo hiyo, namba iwe yoyote.

Tofauti kati ya namba ya kliniki na namba ya kweli si ya mamangu peke yake. Hapa jirani Kilifi, watafiti waliwahi kuwavalisha wanakijiji mashine zinazopima mchana kutwa na usiku kucha, na wakakuta watu wengi waliosomeka kuwa na presha walipopimwa mara moja hawakuwa nayo walipofuatiliwa saa 24. Niliposoma hayo nilisikitika, maana mtu anaweza kumezeshwa dawa maisha yake yote kwa ajili ya namba ya siku moja. Na kinyume chake kipo pia: wapo walio na presha kweli wasioijua.

Hapo ndipo ninapogombana na msemo tuliouzoea, "mimi presha ikipanda najijua, kichwa huniuma." Shingoni na karibu na moyo, ndani ya kuta za mishipa mikubwa, tuna vipokezi vinavyohisi mshipa unavyotanuka na kuupasha ubongo habari. Presha ikikaa juu muda mrefu, vipokezi hivyo huizoea. Vinaihesabu 160 kuwa ndiyo hali ya kawaida na kuacha kulalamika. Ndiyo sababu mzee anaweza kukaa miaka kumi na presha akijisikia mzima, na ndiyo sababu pia akianza dawa anajisikia vibaya wiki za mwanzo, kizunguzungu akiinuka: presha inashuka kuelekea pazuri, na mwili unadhani imeshuka mno. Mwambie ainuke taratibu, akae kitandani kwanza kabla ya kusimama, na kizunguzungu kikiendelea mpelekeni kwa daktari na daftari. Asiamue mwenyewe kwamba dawa imemkataa.

Sasa miguu. Mama hakusema uongo: miguu ilivimba kwa sababu ya dawa, na ilirudi alipoacha. Alichokosea ni maana yake. Dawa yake ilikuwa amlodipini, miligramu 10. Dawa hii hulegeza misuli ya vishipa vidogo vinavyopeleka damu, hivyo njia inapanuka na presha inashuka. Lakini vishipa vinavyorudisha damu haivilegezi kwa kiasi hicho hicho. Damu inaingia kwa wingi kwenye vishipa vyembamba kabisa, inatoka kwa shida, na maji yanachuja kwenda kwenye nyama za mguu, hasa jioni mtu akiwa amesimama jikoni siku nzima. Figo hazikuhusika. Ndiyo maana hata dawa ya kukojoza hupunguza kidogo tu uvimbe wa aina hiyo: mwili haujajaa maji, maji yamekaa mahali pasipo pake. Na hatari hiyo hupanda pamoja na kipimo, 10 huvimbisha wengi zaidi kuliko 5.

(Mguu mmoja pekee ukivimba na kuuma, au uvimbe ukija na kukosa pumzi, hilo ni jambo jingine na halingoji.)

Kuhusu figo, ukweli umekaa kinyume na tunavyoambiana vibarazani. Presha isiyotibiwa ni mojawapo ya sababu kubwa za figo kufa. Jirani yetu yule Mungu amrehemu alikuwa na presha na sukari miaka mingi kabla ya kupelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na dawa alizokutwa nazo ndizo zikabeba lawama. Nilipomweleza mama hivi hakukubali siku hiyo. Alikubali daktari alipomwonyesha majibu ya damu yake: figo nzima.

Daktari, kijana mpole, alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Hakumrudisha kwenye 10, wala hakufuata ushauri wa kaka wa kuongeza. Alimpa amlodipini 5 pamoja na dawa ya pili ya kundi jingine, kiasi kidogo. Nilikuwa nimesoma kwa nini. Mwaka 2009 mtafiti Wald na wenzake walijumlisha majaribio 42 wakaona kwamba kuongeza dawa ya kundi la pili hushusha presha karibu mara tano kuliko kuongeza maradufu kipimo cha dawa ile ile. Presha inashikiliwa na kamba zaidi ya moja: mishipa kubana, figo kushika chumvi, homoni. Ukiivuta kamba moja kwa nguvu zote, mwili hukaza nyingine. Na ukichanganya kidogo kidogo, madhara yanakuwa madogo.

Mchanganyiko upi? Hilo ni la daktari, ila inanipa furaha kusema kwamba liliulizwa kwa watu wetu wenyewe. Jaribio liitwalo CREOLE, lililochapishwa 2019, liliwafuata wagonjwa weusi 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Waliopewa mchanganyiko wenye amlodipini, iwe na dawa ya kukojoza au na perindoprili (dawa nyingine ya presha), walishuka zaidi ya waliopewa hizo mbili bila amlodipini, namba ya juu ikipungua kwa takriban 3 zaidi katika wastani wa saa 24. Ile dawa ambayo mama aliifungia kwenye kopo ndiyo iliyokuwa inamfaa. Kilichokuwa hakimfai ni kipimo chake.

Mfano mwingine wa kwetu, mjomba wangu wa Likoni. Alianzishwa dawa nyingine ya presha, enalaprili, akapata kikohozi kikavu, akanunua dawa za kikohozi chupa tatu, kisha akaanza kuogopa kifua kikuu. Kundi hilo la dawa asili yake ni sumu ya nyoka wa Brazili, jararaka: mwaka 1965 mwanasayansi wa Brazili, Sérgio Ferreira, alikuta ndani yake kitu kinachozuia mwili usivunje kemikali iitwayo bradikinini, na kutoka hapo ikaja dawa ya kundi hilo iitwayo kaptoprili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981. Bradikinini isipovunjwa hurundikana, na inaaminika hiyo ndiyo inayowasha koo la baadhi ya watu. Mjomba alibadilishiwa losatani, dawa ya presha isiyogusa njia hiyo, na kikohozi kikaisha. Chupa tatu za dawa, na jibu lilikuwa kwenye swali moja: kikohozi kilianza lini, na dawa ilianza lini?

Chumvi nitaisema kwa ufupi ingawa inanikera zaidi ya yote, kwa kuwa ya kwetu tunaivuna karibu, Gongoni na Marereni, na tunaitia bila kipimo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisicho na mlima, kwa vyote: mchuzi, ng'onda (samaki mkavu wa chumvi), achari, bajia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliohama kutoka kijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, na presha zao zikapanda ndani ya miezi michache tu, huku mikojo yao ikionyesha sodiamu zaidi na potasiamu pungufu. Watu wale wale, chakula kingine. Mama hakuiacha ng'onda. Anailoweka usiku, anamwaga maji, anapika na nazi na ndimu bila kuongeza chumvi, na ni mara moja kwa wiki. Ipo pia chumvi iliyochanganywa na potasiamu: China, katika vijiji 600 na watu karibu 21,000, ilipunguza kiharusi kwa asilimia 14. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayemeza dawa za kundi la enalaprili na losatani, asiitumie bila kumwuliza daktari, maana potasiamu ikizidi hudhuru moyo.

Limebaki swali la Ramadhani, ambalo ndilo lililomwanzishia mama mambo yote haya: aliruka siku moja, kisha tatu, kisha akaona miguu imepungua. Mwaka 2022 utafiti wa Uingereza wa watu 21,104 ulilinganisha wanaomeza dawa ya presha asubuhi na wanaomeza jioni, wakifuatiliwa zaidi ya miaka mitano. Hakukuwa na tofauti katika mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo. Na amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kupungua. Mwenye dawa ya mara moja kwa siku hana sababu ya kuchagua kati ya saumu na dawa. Mwenye dawa ya kukojoza, au ya mara mbili tatu kwa siku, aende kwa daktari Shaaban, si Ramadhani ikishaingia.

Mwaka huu mama alifunga zote. Alikuwa akimeza baada ya magharibi, akishafungua kwa tende na maji, daftari likiwa juu ya meza ile ile. Wastani wa wiki ya mwisho ulikuwa 131 kwa 80. Viatu vya Idi viliingia.