Anasoma silabi zote, lakini neno halimjii

Mtoto wa darasa la pili anayesoma "wa-na-che-ka" kwa kidole, kisha ukimuuliza amesoma nini anabaki kukutazama, herufi anazijua. Nguvu zake zinaishia kwenye kuunganisha silabi. Akifika "ka", ile "wa" imeshamtoka. Kumrudisha kwenye a, e, i, o, u ni kumchelewesha bure.

Kukariri sura ya neno zima nako hakufiki mbali, maana kitenzi kimoja kina sura chungu nzima: anapika, tulipika, watatupikia. Mzoeze vipande vinavyojirudia, avitambue kwa kutupa jicho tu. Anza na nina, una, ana, tuna, mna, wana. Vikikaa, leta ali na wali, halafu ata na wata. Changanya na vijineno vya kila ukurasa: kwa, ya, katika, lakini.

Kunja karatasi ya manila katikati mara nne, kata kwenye mikunjo, utapata kadi 16. Andika kwa herufi ndogo. Kadi 5 kwa siku, dakika 10, basi. Akisita, msomee mara moja, arudie, kisha ichomeke kadi hiyo katikati ya fungu aikute tena baada ya muda mfupi. Usimwache akisie, kisio baya nalo hukaa kichwani. Kadi aliyoisoma siku 3 mfululizo bila kusita, itoe.

Halafu shika "wana" mkono wa kushoto, na kulia ubadilishe: cheka, lima, uza. Mwishowe sentensi nzima: Wanauza ndizi Mbuyuni.

Ng', mbw na ny zipe kadi zake. Anayesoma "m-bu-wa" badala ya mbwa hajajua kwamba herufi hizo zinatamkwa kwa mkupuo mmoja.

Tunaloliona likiharibu kazi zaidi ni kusoma kwa kuimba. Darasa zima linafuata fimbo ya mwalimu ubaoni, na mtoto anashika mpangilio wa maneno badala ya maneno yenyewe. Anzia chini, ruka katikati, mwite mmoja mmoja.

Hapa Moshi vibao vya daladala ni zoezi zuri: Pasua, Majengo, Kiboriloni. Ila pengine anamsikia konda tu. Mkifika nyumbani liandike jina hilo kwa herufi ndogo, bila kulitamka, umwachie alisome.