Kipimo cha Pumzi cha Nyumbani: Uliza Kimegawanywa kwa Saa Zipi

Mtu anayekoroma sana na kuamka akiwa bado amechoka huweza kupewa kifaa cha kupimia pumzi alale nacho nyumbani, ili ichunguzwe kama ana ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Kifaa hicho hurekodi mtiririko wa hewa puani, mwendo wa kifua, mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni katika damu, lakini aghalabu hakipimi mawimbi ya ubongo, ambayo ndiyo yanayothibitisha kwamba mtu amelala kweli. Nami nimewahi kukivaa. Kwa kuwa mikanda na nyaya zilininyima usingizi kwa muda mrefu, nilipopewa majibu nilitaka kwanza kujua hesabu imegawanywa kwa saa zipi.

Ukali wa ugonjwa huo hupatikana kwa kuhesabu mara ambazo pumzi ilikatika au kupungua kwa angalau sekunde 10, kisha kugawanya idadi hiyo kwa saa za usingizi. Kwa watu wazima, kuanzia 5 kwa saa ni hali hafifu, kuanzia 15 ni ya wastani, na kuanzia 30 ni kali. Tuseme kifaa kimerekodi matukio 96 katika saa 8: jibu ni 12. Ikiwa mgonjwa alilala saa 6 tu, jibu sahihi ni 16, na tayari amevuka daraja, jambo linaloweza kubadili uamuzi wa matibabu.

Vifaa vingine hukadiria usingizi kwa mwendo wa mkono, na vingine huongeza mapigo ya moyo na hali ya mishipa ya damu ya kidoleni. Makadirio haya ni bora kuliko kuhesabu saa zote za kurekodi, ingawa mtu anayelala macho bila kujigeuza huweza kuhesabiwa kuwa amelala. Tena, bila mawimbi ya ubongo, pumzi iliyopungua na kumgutusha mtu kidogo bila kushusha oksijeni huweza isihesabiwe.

Kwa hiyo nakusihi uandike saa uliyozima taa, vipindi ulivyokaa macho na saa uliyoamka, kisha umkabidhi daktari karatasi hiyo pamoja na kifaa. Na majibu yakisema huna tatizo ilhali bado unasinzia mchana, hasa ukiwa unaendesha gari, omba kipimo kamili cha maabara ya usingizi.