Nyumba ya Buibui: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Neno lenyewe linatuponza. Ukisema barazani Ngamiani kwamba unatengeneza sanduku la buibui, wa kwanza kukusikia atadhani unahifadhi vazi la mkeo lisiliwe na nondo. Ninayemzungumzia hapa ni yule wa miguu minane, mwenye manyoya, anayejaza kiganja, ambaye wafugaji humwita tarantula. Ujumbe wenu wa mwezi huu karibu wote unahusu makazi yake, kwa hiyo nimeujibu kwa pamoja.

*Shikamoo babu. Sina hela ya fundi vioo. Je, deli la plastiki litafaa? (Kijana wa Makorora)*

Marahaba mwanangu. Litafaa, tena kwa anayeanza naliona bora kuliko kioo: halivunjiki na ni rahisi kutoboa. Chagua linaloonyesha ndani, lenye vibanio pande zote mbili za mfuniko. Mpime buibui akiwa amenyoosha miguu, toka ncha ya mguu wa mbele mpaka ya mguu wa nyuma. Urefu wa deli uwe mara tatu au nne ya kipimo hicho, upana mara mbili. Wa sentimita 12 anakaa vizuri kwenye sentimita 40 kwa 25. Ukimpa chumba kikubwa zaidi hatakushukuru. Utamwongezea tu safari ya kumtafuta mende wake.

Kazi yenyewe iko kwenye matundu. Wengi hutoboa mfuniko peke yake, hewa ya chini ikabaki imelala pale pale mpaka inavunda. Toboa pande mbili zinazotazamana: upande mmoja juu kidogo ya usawa wa udongo, upande wa pili karibu na mfuniko. Mimi hutumia msumari nilioupasha kwenye jiko la mkaa, nimeushika kwa koleo, na hufanya uani kwa sababu moshi wa plastiki si wa kuvuta. Sukuma kutokea ndani kwenda nje. Plastiki ikiyeyuka huacha ukingo mkali kuzunguka tundu, na ukingo huo uwe nje, usije ukamchana. Ukipoa, pitisha msasa.

Tundu liwe dogo kuliko kifua chake. Nasema kifua, maana tumbo hubonyea lakini kifua ni kigumu. Kikipita kifua, ujue mwenyewe kesha kwenda. Kwa mtoto wa buibui, msumari weka pembeni, chukua sindano.

Siku ukipata hela ya kioo, cha milimita 4 kinatosha. Mwambie fundi atumie silikoni isiyo na dawa ya kuvu, maana zile za bafuni mara nyingi huwa nayo. Silikoni mbichi nyingi hunuka kama siki. Fundi atakuambia kesho iko tayari. Mimi husubiri wiki nzima, halafu naingiza pua ndani kabla ya kumwingiza mnyama.

*Nimefunika juu kwa kipande cha chandarua cha zamani. Siku ya tatu ameanza kutetemeka, anatembea kama mlevi. Nimpe dawa gani? (Msomaji wa Pongwe)*

Mtoe humo kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Vyandarua vingi tulivyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua wadudu kiwandani, na vimetengenezwa makusudi ili dawa isitoke kwa kufuliwa mara chache. Buibui si mbu, lakini dawa hiyo haina habari ya tofauti hiyo. Mhamishie kwenye chombo kingine safi chenye hewa, muwekee maji, umwache gizani bila kumsumbua. Dawa ya kumpa haipo. Wako wanaopona na wako wasiopona. Udongo wote tupa, na deli nalo ningelitupa.

Hatari hiyo hiyo imo kwenye dawa ya mbu ya kupuliza, ile ya kuchoma, na chaki ya mende. Na ndiyo maana sikubali mende wa jikoni kwa jirani kuwa chakula, hata awe mnono vipi: hujui jana alipita wapi.

Usije ukakimbilia waya wa dirishani badala yake. Kucha zake ndogo hunasa kwenye vijicho vya waya, akining'inia anaweza kung'oa mguu. Matundu ya msumari yanatosha.

*Nimesoma kwamba anahitaji taa ya joto. Tanga inapatikana duka gani? (Msomaji wa Mikanjuni)*

Usiitafute. Ushauri huo umeandikwa na watu wa Uingereza na Ujerumani, ambao Januari wakizima moto wa ndani wanaganda wao na buibui wao. Sisi Januari tunalala nje ya chandarua kwa joto na kuumwa na mbu kwa hiari yetu. Chumba ambacho wewe unakaa na msuli bila kulalamika, naye kinamtosha. Shida yetu ni joto lenye unyevu lisilo na pa kutokea, na jua la saa nane likipiga kioo. Weka sanduku mbali na dirisha, basi.

*Udongo gani nitie? Huku kwetu makumbi ya nazi yamejaa. (Msomaji wa Pangani)*

Makumbi ni mazuri sana, ila uliza kwanza yametoka wapi. Pwani kuna wanaoyafukia kwenye tope la bahari yaoze, kisha wayapigepige kutoa usumba wa kusokota kamba. Vumbi la makumbi ya namna hiyo lina chumvi. Loweka kwenye ndoo ya maji baridi, kamua, mwaga, rudia, mpaka maji ukiyaonja ulimini husikii chumvi. (Ndiyo, mimi huyaonja. Mke wangu hutazama pembeni.)

Changanya mafungu mawili ya vumbi hilo na fungu moja la udongo wa kawaida usiowahi kutiwa mbolea wala dawa ya shambani. Udongo ndio unaoshikilia shimo lisibomoke. Anika juani, kisha rudishia maji kidogo kidogo. Teka konzi moja, fumba ngumi, kamua. Yakidondoka maji, umezidisha. Ukifumbua na donge limeshikana bila tone, hapo hapo.

Buibui hawa wa kwetu Afrika Mashariki wengi ni wachimbaji. Huyu wa rangi ya machungwa anayejulikana duniani kwa jina la milima yetu ya Usambara, *Pterinochilus murinus*, hujichimbia na kutandika utando kila mahali. Mpe kina cha sentimita 15 mpaka 20, ushindilie kwa kiganja, kisha umwanzishie shimo la mteremko kwa mpini wa mwiko na uliegemeze kifuu cha nazi mlangoni. Usiku wa pili au wa tatu utakuta kijilima cha udongo nje, naye haonekani. Hiyo ni dalili njema, ingawa wageni waliokuja kumtazama watasema umewadanganya.

Maji weka kwenye kifuniko kifupi cha chupa. Sifongo usitie, ni shamba la vijidudu. Masika udongo usiuongezee maji kabisa.

*Sisimizi wameingia ndani ya sanduku. (Msomaji wa Muheza)*

Pole. Hili limenifika. Mwaka wangu wa kwanza nilimtupia mende mkubwa usiku, hakumla, nami nikalala. Asubuhi mstari ulikuwa umetoka dirishani, umeshuka ukutani, umeingia kwenye matundu yangu niliyoyatoboa kwa fahari. Wangekuwa wamemfuata mende tu ningenyamaza. Lakini buibui alikuwa ndio kwanza amejivua gamba, mwili bado laini kama jibini, nao wakampitia.

Dawa yake ni ile ya bibi zetu ya kulinda kabati la chakula. Miguu minne ya meza, kila mmoja ndani ya kopo la maji. Tia tone la sabuni ili anayekanyaga maji azame, na utando wa mafuta ya kula mbu wasizalie humo. Meza isiguse ukuta, na pazia lisiiguse meza. Sisimizi mmoja akipata daraja, kijiji kizima kinahamia. Chakula ambacho hakikuliwa mpaka asubuhi kitoe. Siafu wakija, makopo hayatawazuia kitu. Beba sanduku uondoke nalo.

*Nimemjengea kwa mawe ya matumbawe, mpaka juu kuna pango. Mbona watu wananicheka? (Msomaji wa Raskazone)*

Wanacheka vibaya, ila pango lishushe. Buibui wa ardhini tumbo lake ni kama puto lililojaa maji: akianguka kutoka juu hupasuka, na akipasuka ndiyo basi. Toka uso wa udongo mpaka mfuniko, nafasi isizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake. Ukiona deli lako ni refu, usilikate, jaza udongo. Na jiwe lililowekwa juu ya udongo atalichimbia chini mpaka limlalie.

*Habari za siku mzee wangu. Mwanangu wa kidato cha pili anafuga hiki kitu chumbani, na ana mdogo wake wa miaka minne. Akiuma je? (Mama wa Chumbageni)*

Njema mama. Sikufichi: wa kwetu hawa ni wepesi na wakali, na wakiuma maumivu ni makubwa, pengine uvimbe na misuli kukaza kwa siku kadhaa. Kuua mtu, hapana, lakini mtoto wa miaka minne hatumjaribii. Akiumwa, osha kwa sabuni, weka barafu, mpeleke hospitali. Wale wa mabara ya Amerika ndio hupukuta manyoya yanayowasha macho na pua. Wetu hawana silaha hiyo, wana meno tu.

Kwa hiyo sanduku liwe na komeo na kufuli, funguo zikae kwako. Maji na chakula vitiwe kwa koleo refu, kamwe si kwa vidole, na kila linapofunguliwa liwe ndani ya beseni kubwa, mlango wa chumba umefungwa. Kijana akikataa masharti hayo, basi hajawa mfugaji.

*Nikapande Amani nikamchimbe mwenyewe? (Msomaji wa Maramba)*

Hapana. Amani ni hifadhi, na mnyama wa porini ana sheria yake, ya mwaka 2009. Anza kwa afisa wanyamapori wa wilaya yako, uulize kibali, kabla hujashika jembe.

*Babu, amelala chali tangu alfajiri. Mke wangu anasema tumzike. (Msomaji wa Ngamiani)*

Msimzike! Anayekufa kwa kawaida hukaa kifudifudi, miguu imejikunja chini yake kama ngumi. Aliyelala chali, miguu hewani, anajivua gamba, lile la kweli, si la siasa. Huenda wiki mbili tatu zilizopita alikataa kula na tumbo likaiva weusi. Usimguse, usimpulizie maji, na kama kuna mende humo mtoe taratibu, maana sasa hivi mende ndiye mwenye meno. Akimaliza, mpe maji na umwache njaa wiki moja au zaidi, mpaka meno yake yageuke kutoka meupe yawe meusi.

Gamba usilitupe. Liloweshe, ulikunjue sehemu ya tumbo, tazama katikati ya mapafu mawili ya mbele, yale yanayoonekana kama mabaka meupe. Ukikuta kijifuko kidogo, ni jike. Hapo mwandae mkeo mapema, kwa sababu dume akishakomaa hana miaka mingi, lakini majike wa jamii nyingi za tarantula hupita miaka 10, wengine hata 20.