Mwalimu wa uhandisi wa kemikali, Mombasa

Dadangu, umeuliza utampata wapi hapa Mombasa mtu wa kumsaidia kijana wako na masomo ya uhandisi wa kemikali. Mwalimu wa kemia wa sekondari hatafaa, hata awe hodari vipi. Ulizia Changamwe, kwa wahandisi waliofanya kazi kwenye mtambo wa kusafisha mafuta hadi uliposimama 2013. Jina ulitafute kwenye orodha ya Bodi ya Wahandisi Kenya, iko wazi mtandaoni.

Kabla hujatoa hata shilingi, mpe swali hili: kilo 100 za ethanoli na maji, ethanoli asilimia 40, zinaingia mnara wa kutenganishia. Juu inatoka yenye asilimia 80, chini asilimia 5. Juu zimetoka kilo ngapi? Ni kama 46.7, lakini wewe tazama anavyoeleza. Akianza kwa kuchora mnara na mishale ya kinachoingia na kutoka, huyo mshike. Mwalimu wangu wa kwanza alininyang'anya kalamu akajaza ukurasa mzima peke yake, mimi nimebaki na kikombe cha kahawa. Na anayesema "nitamfanyia asaimenti", mwonyeshe mlango.