Kompyuta Moja, Watumiaji Watatu: Faili la Mwenzangu Liko Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani katika ofisi ya chama cha akiba na mikopo. Tuna kompyuta moja ya Windows inayotumiwa na watu 3, kila mmoja na akaunti na nywila yake. Mwezi uliopita mwenzetu alihamishiwa tawi jingine, akatuambia kwamba orodha ya marejesho ya mikopo ameiacha kwenye deskitopu. Nimeingia kwa akaunti yangu, sikuiona. Ajabu ni kwamba alama ya programu yetu ya hesabu sote tunaiona. Mkuu wangu anataka kuifuta akaunti ya aliyehama. Naomba ushauri. — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Kabla ya yote, mwombe mkuu wako aahirishe kuifuta akaunti hiyo. Kwa kila dalili orodha mnayoitafuta ingali ndani ya kompyuta hiyohiyo, na kufuta akaunti kwa pupa kunaweza kuipoteza moja kwa moja.

Chanzo cha mkanganyiko ni namna tunavyolitaja jambo lenyewe. Tunaizungumzia deskitopu, au eneokazi, kana kwamba ni ubao wa matangazo uliobandikwa mlangoni, ambao kila apitaye huusoma. Zamani ilipata kuwa hivyo: Windows 95, isipopangwa vinginevyo, ilikuwa na eneokazi moja la watu wote, lililohifadhiwa katika folda ya C:\Windows\Desktop. Siku hizi sivyo. Mtumiaji anapoingia kwa mara ya kwanza, Windows humtengenezea folda yake ndani ya C:\Users, na eneokazi lake ni folda ndogo iliyomo humo, iitwayo Desktop. Ukiingia wewe, unaonyeshwa yaliyomo katika folda yako. Ya mwenzako imefungwa kwa ruhusa ambazo mtumiaji wa kawaida hawezi kuzivuka. Mimi naona kizuizi hicho ni cha haki, hasa katika ofisi inayotunza fedha za wanachama.

Mbona basi alama ya programu ya hesabu mnaiona nyote? Ni kwa sababu eneokazi unalolitazama ni folda mbili zilizounganishwa mbele ya macho yako: ile yako, na nyingine ya watu wote iliyo katika C:\Users\Public\Desktop, ambayo kwa kawaida hufichwa. Programu inaposakinishwa kwa ajili ya watumiaji wote, njia yake ya mkato, yaani alama hiyo mnayoiona, huwekwa katika hiyo ya pili. Mwenzenu aliihifadhi orodha katika folda yake mwenyewe.

Ili kuipata, aingie mtu mwenye akaunti ya msimamizi wa kompyuta (administrator), afungue C:\Users, kisha folda ya aliyehama, kisha Desktop. Windows itamwarifu kwamba hana ruhusa na kumuuliza kama aendelee. Akikubali, folda itafunguka. Jina la folda lisiwababaishe. Kama akaunti ilifunguliwa kwa anwani ya barua pepe ya Microsoft, folda huitwa kwa herufi 5 za mwanzo za anwani hiyo, na hata mtu akibadilisha jina la akaunti baadaye, folda hubaki na jina la zamani. Yapo mengi ninayoulizwa kuhusu mafaili "yaliyopotea" ambayo asili yake ni hilo tu.

Ikiwa folda ya Desktop itakutwa tupu, msikate tamaa. Tazameni ndani ya folda ya OneDrive (huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili kwenye intaneti) iliyo katika folda hiyohiyo ya mtumiaji, kwa maana huduma hiyo ikiwashwa kutunza nakala, eneokazi huhamia humo. Hapo pana hatari moja: faili linaweza kuonekana kwa jina tu, ilhali lenyewe liko kwenye intaneti, na halitafunguka mpaka mwenye akaunti aingie. Ikiwa ni hivyo, mpigieni simu mwenzenu alitume kutoka huko aliko.

Mkilipata, linakilini katika C:\Users\Public\Documents, ambako kila mwenye akaunti kwenye kompyuta hiyo ataliona. Nasema kunakili, si kuhamisha, kwa sababu nakala huchukua ruhusa za folda inakowekwa. Lakini fikirini kwanza: kama orodha ina majina ya wakopaji na madeni yao, je, inafaa isomwe na kila atakayeketi mbele ya kompyuta hiyo?

Wasomaji wanaotumia mifumo mingine watakuta mpangilio unaofanana. Kwenye Linux eneokazi huwa katika /home likifuatwa na jina la mtumiaji, ingawa folda yenyewe inaweza kuitwa kwa lugha iliyochaguliwa, kwa mfano Bureau kwa Kifaransa. Kwenye Mac huwa katika /Users, na humo hamna eneokazi la pamoja. Vitu vya wote huwekwa katika /Users/Shared.

Mkiisha kuifungua nakala na kuhakikisha imekamilika, akaunti inaweza kuondolewa. Mkiiondoa kupitia Control Panel, mtaulizwa kama mafaili yabaki au yafutwe. Chagueni yabaki, nayo yatawekwa katika folda kwenye eneokazi la msimamizi. Mkipitia Settings, akaunti huondolewa pamoja na data yake yote.